Bunduki Mlangoni mwa Tabibu

Wasikilizaji wa Kinango, wanaojua safari ya mgonjwa kutoka Ndavaya au Samburu inavyochosha hata palipo na amani, watamwelewa upesi Daktari Denis Mukwege, tabibu wa maradhi ya wanawake aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, mwaka 1999. Mpinga vita huyo hakushika silaha, lakini Oktoba 2012 watu wenye bunduki walimvamia nyumbani, na mfanyakazi wake aliyejaribu kumwokoa akauawa; daktari akakimbilia uhamishoni. Wanawake wa Kivu waliuza matunda na mboga ili kumchangia nauli ya kurudi, naye aliporejea Januari 2013 akaishi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa.

Je, mpinga vita anayelindwa kwa bunduki anajipinga? La hasha, kwani hata Mkataba wa Geneva wa 1949, yaani mapatano ya mataifa kuhusu majeruhi wa vita, unasema kwamba kituo cha tiba hakipotezi kinga yake kwa sababu tu kina walinzi wenye silaha. Lakini ulinzi huo haukudumu: askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kivu Kusini mwaka 2024; Februari 2025 Bukavu ikatekwa na waasi wa M23.