Wema Mbele ya Msaili

Mwaka jana, katika hoteli moja hapa Juba, tulikaa watu kumi na wawili kwenye usaili wa wahudumu wa ndege. Tulipewa fumbo: vyumba vitano, wageni tisa, nani apewe chumba? Wasaili wawili waliandika kimya. Sote tulijua hawatafuti jibu. Wanatazama nani anasikiliza na nani anamkatiza mwenzake.

Jirani yangu, dada aliyekulia kambi ya Kakuma, alikwama kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Dada, sema kwa Kiswahili, nitawatafsiria." Akasema, na wazo lake ndilo tulilolifuata. Msaili akatabasamu, akaandika. Mimi niliitwa awamu ya pili, yeye hakuitwa.

Je, ule ulikuwa wema? Mwaka 1785 Immanuel Kant alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja asiyejua bei, kwa kuwa uaminifu unamletea faida. Tendo ni sahihi, alisema, lakini halina thamani ya kimaadili. Siku ile nami nilikuwa na duka langu.

Ningeweza kujitetea: dada alisikika, na faida yangu haikuiondoa yake. Lakini majina yaliposomwa, alitoka peke yake. Nilimwona langoni akitafuta bodaboda. Hakukuwa na msaili pale, nami sikumfuata hata kumwambia pole.

Kuhusu wema wa mle ndani, bado nabishana na Kant. Kuhusu langoni, sina hoja.