Kilicho Halali kwa Sheria, Je, ni Haki?

Yako mambo ambayo mtu huyatenda, na akiulizwa juu yake huonyesha karatasi iliyotiwa sahihi, kisha akanyamaza kana kwamba karatasi ile imekwisha maliza maneno yote. Wakili wake amemwambia ni sawa, mahakama haikumkataza, na hata yule aliyechukuliwa mali yake ameweka sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Je, baada ya hayo yote bado yaweza kusemwa kwamba amedhulumu? Sisi twasema kwamba yaweza. Na ili neno hili lisibaki hewani, twataka kulipima katika kisa kimoja cha kweli kilichotokea Uingereza na kudumu kwa miaka 22.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba kisa chenyewe ni cha wimbo wa roki. Hatukusudii kuwasifia vijana muziki huo. Wanaoupenda hawahitaji kuhimizwa, na wasioupenda hawatageuzwa na makala moja. Lakini dhuluma haichagui pahali. Hupatikana sokoni, hupatikana shambani, na hupatikana pia katika chumba cha kurekodia nyimbo, ambako ni vigumu zaidi kuitambua kwa kuwa mali inayogombaniwa haishikiki kwa mkono.

Katika mji wa Wigan, kaskazini-magharibi ya Uingereza, vijana waliunda mwaka 1990 bendi iliyokuja kuitwa The Verve, mojawapo ya bendi za ile roki iitwayo mbadala. Mwezi wa Juni 1997 walitoa wimbo wao uliovuma kuliko zote, “Bitter Sweet Symphony”. Maneno yake yalitungwa na mwimbaji wao, Richard Ashcroft. Wimbo ulishika nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na mwaka uliofuata ukafika nafasi ya 12 huko Marekani. Kinachoutambulisha ni sauti ya fidla nyingi zinazorudia mlio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ugomvi wote ulianzia katika fidla hizo.

Maana chini yake kulikuwamo kipande kilichokatwa kutoka katika santuri ya zamani. Mwaka 1965 bendi ya Rolling Stones ilitoa wimbo uitwao “The Last Time”, ulioandikwa kwa majina ya Mick Jagger na Keith Richards. Meneja wao wa wakati ule, Andrew Oldham, alitoa baadaye santuri ya nyimbo zao zikipigwa na okestra, na katika santuri hiyo sehemu za fidla za wimbo huu zilipangwa na fundi aitwaye David Whitaker. Mtu akiusikiliza wimbo wa Rolling Stones wenyewe, kisha akausikiliza ule wa okestra, atapata taabu kuamini kwamba ni kitu kimoja.

Sasa, The Verve hawakuiba kwa siri. Waliiomba ruhusa kampuni iliyomiliki rekodi ile ya okestra, wakapewa. Lakini rekodi ni mali moja na utungo ni mali nyingine. Wenyeji wa Mombasa watalifahamu jambo hili upesi, kwa sababu kwao nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja na kiwanja kikawa cha mtu mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Katika kisa chetu, kiwanja kilikuwa mikononi mwa Allen Klein, Mmarekani aliyepata kuwa meneja wa Rolling Stones, na ambaye kampuni yake ya ABKCO ilimiliki nyimbo zao za miaka ya 1960. Ruhusa yake ilitafutwa baada ya kazi ya kurekodi kumalizika. Kwanza alikataa. Kisha yakaja mapatano, na mapatano yenyewe yalikuwa haya: mapato yote ya utungo yaende upande wa wimbo wa kale, majina ya Jagger na Richards yaandikwe kuwa ndiyo ya watungaji, na Ashcroft, aliyeandika kila neno linaloimbwa, apewe dola 1,000.

Pande mbili hazikusimulia sababu kwa namna moja. Upande wa Klein ulisema kwamba kipande kilichotumika kilizidi kile kilichoruhusiwa. Watu wa bendi walisema kwamba waliahidiwa kugawana nusu kwa nusu, na wimbo ulipoonekana kuuzwa sana ndipo wakadaiwa wote. Hatuna haja ya kuamua ni nani aliyesema kweli. Na tukubali kwamba Klein alisema kweli tupu, kwamba vijana wale walizidisha kipimo, tena waliomba ruhusa kwa kuchelewa. Basi walikuwa na deni. Swali ni deni la kiasi gani.

Hapa ndipo watu wengi wapendao sheria hukosea njia. Wao husema kwamba aliyetangulia kukosa hana kinywa cha kulalamika. Maneno haya yana sura ya uadilifu, lakini tukiyafuata yatatufikisha pabaya. Kosa la mtu humpa mwenzake haki ya kudai fidia ya kile kilichopotea. Halimpi haki ya kudai kila kitu alicho nacho mkosaji. Mwenye kiwanja akidai kodi yake na malimbikizo yake, nani atampinga? Akidai nyumba yote, pamoja na vyombo vilivyomo na chakula kilichoko mekoni, hata jirani asiyejua herufi moja ya sheria atasema: hapana, hii imepita mpaka. Maneno ya Ashcroft hayakutoka katika santuri ya Oldham. Sauti yake haikutoka humo, wala ngoma, wala fidla nyingine walizoziongeza wenyewe juu ya zile za kale. Hivyo vyote vilichukuliwa kwa ajili ya kipande kimoja.

Na ile sahihi, je? Sahihi ipo, hatukatai. Lakini sahihi ni alama ya radhi, na alama yaweza kuwapo ilhali radhi haipo. Msanii ambaye santuri yake iko tayari kutoka, naye anajua kwamba mwenye utungo aweza kuizuia kwa kesi, hana nafasi kubwa ya kuchagua. Mkono ulitia sahihi, moyo haukuwamo. Ashcroft mwenyewe alilipa jambo hilo jibu la mzaha mchungu, akisema kwamba huo ndio wimbo bora zaidi walioutunga Jagger na Richards kwa muda wa miaka 20.

Kuna jambo jingine lililotufanya tusiweze kukiacha kisa hiki. Wimbo ule wa “The Last Time” nao una mzazi wake. Katika miaka ya 1950 kundi la jamaa moja Wamarekani weusi, waitwao Staple Singers, lilirekodi wimbo wa kanisani wenye kiitikio cha namna hiyo, nao ulikuwa wimbo wa mapokeo ulioimbwa makanisani hata kabla yao. Keith Richards amekiri kwa uwazi kwamba waliujenga wimbo wao juu ya huo. Hata hivyo majina yaliyoandikwa ni mawili tu, lake na la mwenzake. Basi kama kipimo alichokitumia Klein mwaka 1997 ni cha haki, kwamba mwenye kipande achukue vyote, kwa nini wimbo wa Rolling Stones wenyewe usipimwe kwa kipimo hicho hicho?

Klein alifariki mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, baada ya watu wa Ashcroft kuzungumza na mwanawe Klein na kisha na wawakilishi wa Rolling Stones, Jagger na Richards walikubali majina yao yaondolewe na mapato yote ya mbele yawe ya Ashcroft. Habari ilitangazwa mwezi wa Mei 2019 mjini London, siku aliyopewa tuzo ya Ivor Novello. Yeye aliwashukuru kwa moyo mweupe, na alisema kwamba tangu zamani hakuwa na kinyongo nao.

Watu wengi waliliita tendo hilo ukarimu. Sisi twaona neno hilo lataka kutazamwa kwa uangalifu. Ni kweli kwamba mashairi yale ya mapatano hayakutungwa na Jagger wala Richards, na kwamba hakuna mahakama iliyowalazimisha kutoa kitu. Kwa sababu hiyo wanastahili kusifiwa, kwani wengi katika nafasi yao wangenyamaza mpaka kaburini. Lakini amana ikirudi kwa mwenyewe haiitwi zawadi, hata ikirudishwa kwa tabasamu. Tukiizoesha midomo yetu kuiita zawadi, aliyedhulumiwa atageuka kuwa mwenye deni la shukrani, na mapato ya miaka 22 yaliyokwisha pita, ambayo mapatano yale ya 2019 hayakuyagusa, yatasahauliwa kwa adabu.

Tena mizani ilipogeuzwa haikusimama katikati. Mwaka 1997 upande mmoja ulipewa yote. Mwaka 2019 upande wa pili ukapewa yote, ingawa kipande cha kale bado kimo ndani ya wimbo na kila mwenye masikio anakisikia. David Whitaker, ambaye mkono wake ndio uliozipanga fidla zile za okestra, hakutajwa miongoni mwa watungaji katika hesabu ya kwanza wala katika ya pili. Alifariki mwaka 2012.