Anunuaye Kampuni Hununua Nini?

Mtu akinunua jahazi, hati ya mauzo humtajia vitu vyake vyote: mlingoti, tanga, nanga, kamba, hata mapipa ya maji. Mabaharia hawamo katika hati hiyo. Lakini kila aijuaye bahari ajua ya kuwa siku mawimbi yatakapokisukuma chombo kuelekea mwambani, kitaokolewa na ujuzi wa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Je, aliyenunua jahazi amewanunua na mabaharia? Na kama hakuwanunua, awadai nini, nao wamdai nini?

Twauliza hivyo kwa kuwa siku hizi kampuni huuzwa na kuuzwa tena, na hasa zile zitoazo habari kwa njia ya intaneti. Shamba la mkonge likiuzwa, mkonge hauondoki. Kiwanda kikiuzwa, mitambo hubaki mahali pake. Lakini gazeti la intaneti halina mitambo ya kujivunia. Mali yake ni jina lake, wasomaji wake, na akili za wale waliandikao, ambao kila jioni huenda zao nyumbani. Wazazi wengi wasomao ukurasa huu wana vijana waliokwisha kupata kazi za namna hiyo, au wanaozitafuta. Yafaa wajue mambo yaliyowapata wenzao wa Marekani, ambako biashara hii ina umri mkubwa kuliko kwetu.

Gazeti la michezo liitwalo Deadspin lilianzishwa mwaka 2005, chini ya kampuni ya Gawker Media ya New York. Mwaka 2016 mahakama ya Florida iliiamuru kampuni hiyo imlipe mwanamieleka Hulk Hogan dola milioni 140 kwa kuonyesha hadharani mambo yake ya faragha. Kampuni ikafilisika, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Univision, kampuni ya televisheni, ikayanunua magazeti yake kwa dola milioni 135. Aprili 2019 Univision nayo ikayauza kwa Great Hill Partners, kampuni ya uwekezaji ya Boston. Wenye mali hao wapya wakayapa magazeti hayo jina la pamoja la G/O Media, na wakamweka Bwana Jim Spanfeller kuwa mkuu wake. Hivyo waandishi wale walipata mabwana watatu katika miaka mitatu, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewauliza neno.

Ugomvi haukukawia. Agosti 2019 mhariri mkuu wa Deadspin, Bibi Megan Greenwell, alijiuzulu, akieleza waziwazi kuwa hakuweza kufanya kazi yake chini ya wakubwa wapya. Tarehe 28 Oktoba waandishi waliletewa waraka: tangu sasa waandike juu ya michezo tu, na mambo yanayohusiana na michezo. Kwa muda mrefu walikuwa wakiandika pia juu ya siasa, vyakula, na ulimwengu kwa jumla, na wenyewe walidai kwamba makala hizo zilisomwa sana. Kesho yake kaimu mhariri, Bwana Barry Petchesky, alifukuzwa kwa kutotii. Kabla juma halijakwisha waandishi na wahariri wapatao ishirini walikuwa wamejiuzulu wote. Tarehe 5 Novemba, mkurugenzi wa uhariri aliyetoa amri ile akajiuzulu naye. Kwa siku chache mwenye mali alibaki na jina, na ndani ya jina hamna mtu.

Wako watakaosema upesi: mwenye mali ni mwenye mali. Hoja hiyo tusiidharau. Aliyenunua gazeti la michezo akataka liandike michezo hakuamuru dhambi. Alitoa fedha, ziwe zake au za watu waliomwamini, na anapaswa kuzirudisha na faida. Mfanyakazi naye alipokubali mshahara alikubali kuongozwa. Kama kila mpishi atapika apendavyo, hoteli haitakuwa na wageni. Na tukiri kwamba waandishi, kuliko mafundi wengine wote, wepesi sana kuona kila sentensi yao kuwa haki ya binadamu.

Hata hivyo, twaona kwamba hoja hiyo haifiki mwisho wa njia. Kiongozi ana haki ya kuamuru, lakini haki hiyo yatoka katika kuijua na kuitunza kazi anayoiongoza; haitoki katika risiti. Bei ya gazeti lile ilipangwa kwa hesabu ya wasomaji wake, na wasomaji wale waliletwa na namna ileile ya kuandika iliyopigwa marufuku. Mnunuzi alilipia matunda, kisha akauchukia mti. Akiukata, twaweza kusema ni wake na aukate. Lakini wako watu walioupanda na kuumwagilia miaka kumi na zaidi, na kazi ya mtu haiachi kuwa na alama ya mkono wake kwa sababu karatasi zimetiwa sahihi mjini Boston. Kwa uchache aliwadai utii, naye akadaiwa kuwasikiliza kabla ya kuamuru. Hilo la pili halikulipwa.

Sasa tuwageukie wale walioondoka. Sifa walizopewa ni nyingi, nasi hatuwanyimi. Kuacha mshahara kwa ajili ya mwenzako aliyefukuzwa si jambo dogo, wala mji kama New York hauna huruma kwa asiye na kodi ya nyumba. Lakini twaogopa sifa zinazowapita wengine kichwani. Kijana asiye na mke wala mtoto akijiuzulu, ajitoa mwenyewe. Baba wa watoto watatu akijiuzulu, awatoa na watoto, ambao hawakuulizwa kama vile yeye asivyoulizwa na mnunuzi. Huyu akibaki kazini, ameinamisha kichwa na kuandika habari za mpira kama alivyoamriwa, je, ametenda uovu? Sisi hatuthubutu kusema hivyo. Ujasiri ni wema, na kulisha nyumba ni wajibu, na mtu hawezi kumpimia mwenziwe ni kipi kitangulie. Amri ingekuwa kuandika uongo, au kumchafua asiye na hatia, tungenena kwa ukali zaidi: hapo baba wa watoto watatu naye hana budi kukataa, na ndugu na majirani hawana budi kumsaidia. Kuambiwa kuandika habari za michezo tu si amri ya namna hiyo.

Ndiyo maana hatukupendezwa na jambo lililofuata. Watu wa nje walipoanza kuajiriwa kuziba pengo, waliandamwa kwa maneno makali, wakaitwa wasaliti. Mmoja wao aliacha mara tu baada ya kuanza. Hasira waliyostahili wenye kampuni akabebeshwa mtafuta riziki.

Kisa cha pili ni kifupi, lakini twaona kina uchungu zaidi. Gazeti la HuffPost lilinunuliwa na kampuni ya BuzzFeed mwezi wa Februari 2021. Majuma matatu baadaye, tarehe 9 Machi, wafanyakazi waliitwa katika mkutano wa mtandaoni, kila mmoja akiwa nyumbani kwake kwa sababu ya maradhi ya korona. Neno la siri la kuingilia mkutano lilikuwa limetungwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba majira ya kuchipua yamewadia. Humo wakaambiwa kwamba kazi zitapunguzwa, na kwamba asiyepata barua pepe kabla ya saa saba mchana ajue amesalimika. Watu 47 wa Marekani wakapoteza kazi, na tawi la Kanada likafungwa.

Mkuu wa BuzzFeed, Bwana Jonah Peretti, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa HuffPost, alieleza kwamba gazeti hilo lilipata hasara ya dola milioni 20 hivi mwaka uliotangulia. Huenda basi kupunguza watu kulikuwa lazima. Nyumba isiyo na akiba haiwezi kulisha wote milele. Lakini namna ya kumwondoa mtu ni jambo la haki kama kule kumwondoa kwenyewe. Kwetu hata kibarua wa kupalilia huitwa pembeni, akaambiwa kwa mdomo kuwa kazi imekwisha, akapewa chake na mkono wa kwaheri. Anayemkalisha mtu mbele ya mashine kutazama saa, hajui kama barua itaingia au haitaingia, ameokoa muda wake mwenyewe kwa kuchukua heshima ya mwenziwe. Katika karibu majimbo yote ya Marekani, isipokuwa Montana, sheria humruhusu mwajiri kumwachisha mtu pasipo kutoa sababu, kama hakuna mkataba unaomzuia. Ruhusa ya sheria haikumlazimisha mtu yeyote kutumia saa badala ya uso.

Gazeti hilihili lilikuwa limeuzwa mara moja hapo zamani, mwaka 2011, kwa kampuni ya AOL, kwa dola milioni 315. Maelfu ya watu walikuwa wameliandikia bila malipo, kwa kupenda tu. Baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai sehemu ya fedha hizo, na mwaka 2012 jaji akaitupa kesi yao: walijua tangu mwanzo kwamba hakuna malipo, na hakuna aliyewadanganya. Hukumu hiyo twaielewa. Anayeleta kuni kwenye harusi ya jirani hadai ujira. Lakini kama jirani angeiuza harusi, pamoja na kuni na ngoma na wageni, twadhani hata yeye angewatafuta waliobeba kuni na kuwaambia neno.

Waliojiuzulu Deadspin hawakutawanyika wote. Mwaka 2020 wengi wao walianzisha gazeti lao, Defector, ambalo ni mali ya wafanyakazi wenyewe, linaloishi kwa ada za wasomaji wake. Katika mwaka wa kwanza lilipata wasomaji wanaolipa wapatao 40,000 na mapato ya dola milioni 3.2. Hatudhani kwamba njia hiyo yafaa kila mahali. Wao walikuwa na wasomaji waliowajua kwa majina, jambo ambalo mwandishi kijana wa Mwanza au Eldoret bado hajalipata. Wala ushirika hauondoi ugomvi, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya chama cha kahawa.

Ama Deadspin yenyewe, Machi 2024 G/O Media iliiuza kwa kampuni changa ya Malta iitwayo Lineup Publishing. Wafanyakazi waliokuwapo wakati huo, wale waliokuja baada ya ugomvi wa mwaka 2019, walijulishwa kwamba mnunuzi hamchukui hata mmoja wao. Safari hii hati ya mauzo ilisema waziwazi: jina linakwenda, watu wanabaki nje.