Ufunguo wa Lango

Amri ya nne huwaagiza watoto watuheshimu sisi wazazi. Je, inaturuhusu kuwatawala? Hapa Manyatta, Embu, Jumamosi moja mwanangu alikataa kuchuma majani chai. Nikalifunga lango kwa kufuli; akapenya kwenye ua, akaenda zake. Mama yake ndiye aliyemwuliza sababu: anachuma kila juma, lakini bonasi ikija haambiwi imelipa nini. Niliona aibu, maana hata mke wangu sikuwa nimemwambia.

Mtume Paulo (Waefeso 6:4) aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto, na papo hapo akawaagiza wawalee. Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia (2016), alijali zaidi moyo wa mtoto ulipo kuliko mahali alipo.

Jioni ile nilileta risiti mezani, tukahesabu sote watatu. Jumamosi iliyofuata alichuma, ingawa, kusema kweli, alichelewa kuamka.