Nakshi na Mtungi

Je, ni halali kuwasha taa isiyomwonyesha mtu njia, wala kumsaidia mtoto kusoma, wala kummulikia mama jikoni, bali iwake kwa kupendeza tu? Wako watakaojibu upesi kwamba huo ni ufujaji. Na wako watakaocheka, wakisema kwamba swali lenyewe ni la watu wasio na kazi. Sisi twaona kwamba swali hili lastahili kufikiriwa, hasa na watu wa bonde hili la Mbwemkuru, ambao wengi wetu tulijifunza kusoma kwa koroboi. Aliyekaa gizani aijua thamani ya mwanga kuliko aliyezaliwa ndani yake.

Tuanze mbali. Huko Florida, katika nchi ya Marekani, iko bustani ya burudani iitwayo Epcot. Tangu mwaka 1982 langoni pake lasimama jengo kubwa la mviringo, mfano wa mpira, ambalo ndani yake wageni husimuliwa jinsi wanadamu walivyopashana habari tangu zama za mapangoni. Mwaka 2021, wenye bustani hiyo walipoadhimisha miaka 50 ya Walt Disney World, walitia taa nyingi za LED juu ya jengo lile, hata usiku likawa likichezacheza kwa rangi. Jengo halikuongezewa chumba, wala hadithi yake haikuongezewa neno. Liliongezewa mng'aro.

Mambo kama hayo yamewezekana kwa kuwa mwanga umekuwa rahisi. Taa nyekundu na za kijani za namna hii zilikuwapo zamani. Iliyokosekana ni ya buluu, ambayo ilihitajiwa ili kupata mwanga mweupe. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi ya kuipata. Leo taa ya wati 9 hutoa mwanga ambao zamani ulihitaji wati 60 hivi. Ni neema kubwa. Lakini tuangalie jambo moja: zamani gharama ndiyo iliyotuzuia. Mtu hakujiuliza kama yafaa kuipamba nyumba yake kwa taa mia, kwa sababu hakuweza. Sasa kizuizi cha mfuko kimelegea, na kimebaki kizuizi cha akili. Kuweza kutenda jambo hakujatuambia bado kama latupasa.

Wala habari hizi si ngeni katika pwani yetu. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Unguja jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, nalo ndilo jengo la kwanza kisiwani kutiwa umeme. Mbele yake ulisimama mnara wa kuongozea vyombo vya baharini, nao ulipambwa kwa taa safu juu ya safu, hata mabaharia wa Kiingereza wakauita kwa mzaha mti wa Krismasi wa Sultani. Tusimdhulumu marehemu: mtawala huyo huyo ndiye aliyewaletea watu wa mji maji safi ya chemchemi. Na mnara wenyewe ulikuwa na kazi yake. Pambo lilikaa juu ya manufaa.

Hata hivyo, taa zile ziliangaza juu ya mji gani? Soko la watumwa lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Na watumwa wale walitoka wapi? Wengi wao waliletwa kwa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, ikipita katika nchi hizi za kusini. Baharia aliyeusifu mnara kutoka merikebuni hakumwona mtu wa kwetu aliyelala katika kibanda cha shamba la mikarafuu. Taa ilionyesha jumba, ikamwacha mtu gizani. Hapo ndipo ulipo ubaya: si katika kung'aa kwa mnara, bali katika jicho lililovutwa upande mmoja likasahau kutazama upande wa pili.

Mnara ule haukudumu. Uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jumba lilisalimika, likaongezewa mnara wa saa usoni pake. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Nyumba iliyotangulia nyingine zote kupata umeme ilishindwa na kuta zake. Kumbe taa haishiki dari.

Basi, tuseme kwamba pambo ni kosa? La, hasha. Mtazame mama mfinyanzi. Akiisha kuusimamisha mtungi wake, huuchora nakshi shingoni. Nakshi ile haiongezi hata kata moja ya maji. Lakini mwenye kuuchukua mtungi huo kutoka mtoni huona fahari, na kazi yake huwa nyepesi kidogo. Mwanadamu haishi kwa manufaa matupu. Ila mama huyo hachori nakshi juu ya mtungi uliopasuka, wala hauzi nakshi akadai kwamba ni mtungi. Kila kitu amekiweka mahali pake.

Huo ndio mzani wetu. Siku mji wa Nachingwea au wa Ruangwa utakapotaka kuupamba mnara au jengo lake kwa taa za rangi, tusikatae kwa kijicho, wala tusipige makofi kwa haraka. Tuulize kwanza: jengo lenyewe ni zima, na kazi yake yatendeka? Tena tuulize: taa hizi zikiisha kuwaka, ni nani atakayebaki gizani kando yake? Maana nguzo ya umeme kupita mbele ya mlango si sawasawa na taa chumbani; na mkunga anayepokea mtoto kwa mwanga wa simu hawezi kufurahia rangi za barabarani. Anayekiwashia kitu taa awaalika watu wote wakitazame. Basi na awe tayari waone na yaliyo pembeni yake.

Majibu yakiwa mema, na waziwashe taa zao. Nasi tutawachukua watoto wetu kwa mkono, twende tukazitazame kwa moyo mweupe.