Mchezo Huenda Wapi?

Ukiizima kompyuta ya ZX Spectrum, kila ulichopakia kwenye kumbukumbu yake kinafutika. Yangu, ya mwaka 1982, kilobaiti 48, vitufe vya mpira, niliinunua ya mtumba nikisoma Uingereza. Kila jioni kaseti ilikwaruza kwa dakika kadhaa (majirani wa bweni walinichukia) kabla mchezo haujatokea kwenye televisheni. Nikawa najiuliza: umeme ukikatika, mchezo uko wapi? Kwenye mashine haumo. Kwenye kaseti mna sumaku tu. Nilipomuuliza Baba, mtu wa msikitini, kama roho nayo iko hivyo mtu akifa, alisema hayo ya roho nimwachie Mungu. Nilishindwa. Maana kaseti ileile iliurudisha mchezo uleule, lakini alama zangu za jana hazikuwemo. Ufufuo wa namna hiyo, usionikumbuka, siutaki.