Deni la Mwenye Kuuliza

Siku hizi watu wengi hupita vijijini na mijini wakiuliza habari za shule. Mbona wasichana wanaacha masomo? Mbona wazazi hawafiki mkutanoni? Watu huwajibu kwa adabu, maana mgeni hanyimwi neno. Kisha mgeni hujiendea, na maneno yetu yaenda naye. Hapa latokea swali la haki: je, mwenye kuuliza ana deni kwa mwenye kujibu? Au maneno ya mtu ni kama maji ya mto, kila apitaye achota bure?

Zamani wataalamu walifundishwa hivi: mwulizaji asionyeshe moyo wake. Akiulizwa naye, asijibu, bali ageuze maneno, asije akaharibu ukweli. Mwaka 1981 mtaalamu wa Uingereza, Bibi Ann Oakley, aliandika kuipinga kanuni hiyo. Yeye alikuwa amewauliza wanawake wa London habari za kupata mtoto wa kwanza. Nao walimwuliza pia, naye akayahesabu maswali yao: yalikuwa 878. Mojawapo lilikuwa hili: kwa nini ni hatari kumwacha mtoto mchanga peke yake nyumbani? Tufikiri vema. Mtu ajuaye jibu la swali kama hilo, akinyamaza ili karatasi zake ziwe safi, je, ametenda haki? Hata kidogo. Oakley aliwajibu. Alifundisha kwamba pasipo kupeana, watu hawafunuliani mioyo. Ndivyo ilivyo na mama anayeulizwa habari za masomo ya binti yake. Yeye naye ana maswali, na anastahili kujibiwa.

Lakini hata wema una mtego wake. Mwaka 1984 Mwingereza mwingine, Bibi Janet Finch, aliandika jinsi alivyozungumza na wake za wachungaji, tena na akina mama waliokuwa wakiangalia vikundi vya watoto wadogo wasiofika bado umri wa shule. Walimkaribisha kama mwanamke mwenzao, wakamwambia mengi upesi. Jambo hilo lilimtia hofu. Mtu akikuamini hivyo, ni rahisi kumdhuru. Akina mama maskini walishindwa mara nyingi kuendesha vikundi vile vizuri. Wasomaji wangeweza kusema: «Tazameni, maskini hawajui kulea watoto.»

Afanye nini basi? Kuficha ni kupunguza ukweli. Kutangaza ovyo ni kumsaliti aliyekufungulia mlango. Sisi twaona njia ya haki ni hii: kueleza jambo pamoja na sababu zake. Ikiwa akina mama hao walikosa fedha na nafasi, na waliachiwa mzigo uliopasa kubebwa na wote, hilo nalo liandikwe, tena liandikwe kwanza.

Kuna waliokwenda mbele zaidi. Bibi Marja-Liisa Swantz wa Finland alikuwa mwalimu katika Tanganyika miaka ya 1950, kisha akaishi kati ya Wazaramo wa pwani. Miaka ya 1970, yeye na wenzake walitafuta njia ya kuwafanya wanakijiji washiriki katika uchunguzi wenyewe: wasijibu tu, bali waulize pia, na kuyapima pamoja yaliyoonekana. Kazi yao moja katika wilaya ya Bagamoyo iliitwa Jipemoyo.

Wengine watasema: mtu asiyesoma atachunguzaje? Twajibu kwa methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aamkaye jogoo la kwanza ajua kwa nini binti yake achelewa shuleni. Asipoulizwa, kitabuni huandikwa «mvivu». Kweli, mama huyo hajui habari za shule mia. Hapo elimu ya mtaalamu yahitajiwa. Kila mmoja ana sehemu yake.

Wala haitoshi kuita mkutano wa kijiji na kusema: «Watu wameshirikishwa.» Mara nyingi wazee husema, na wanawake hukaa nyuma kimya. Kimya chao si kibali. Yafaa kuwafuata mahali wanaposema kwa uhuru, kisimani au shambani, bila kuwapokonya saa zao za kazi.

Basi deni lipo, tena ni la namna tatu: kumjibu aliyekujibu, kumlinda aliyekuamini, na kumrudishia habari aliyekupa habari. Asiyetaka kulilipa, afadhali asiulize.

Na sisi tunaoulizwa tusiwe wajinga wa haki yetu. Mgeni akija na kalamu, tumpe kiti na maji, kisha tumwulize: Nani amekutuma? Maneno yetu yatakwenda wapi? Utarudi lini kutueleza uliyoyaona? Mwenye nia njema hatakasirika. Na asiyeweza kujibu, tuna ruhusa ya kumnyamazia.